Matanga Mawili ya Ngumbao

Mwaka huo wa arobaini na nane masika yalituchukulia wazee wawili katika wiki mbili, na wote wawili walikuwa wa kanisa letu la Mtopanga. Alitangulia Tsofa, aliyekuwa mwashi. Akafuata Ngumbao, ambaye kabla ya ubatizo alikuwa mgema, na baada ya ubatizo akawa mtu wa kuitazama minazi ya watu na kushusha pumzi. Nasema hivyo kwa kuwa nina haki ya kusema. Mimi ni Kaviha, mtani wake.

Ukoo wetu na ukoo wao ni watani tangu huko Kaloleni walikotoka babu zetu. Asiyejua utani ni nini nitamweleza kwa ufupi: mtani ndiye mtu pekee anayeweza kukuita mwizi mbele ya wakwe zako nawe ukacheka. Na ukifa, yeye ndiye anayekuja matangani kukusema. Anavaa nguo yako, anatembea mwendo wako, anataja uchoyo wako na uoga wako mpaka waombolezaji wanacheka katikati ya kilio, kisha ndipo unazikwa. Mtu aliyezikwa bila mtani wake kufungua mdomo, kwetu sisi ni kama amezikwa na wapita njia.

Basi Ngumbao alizikwa na wapita njia, na mimi nikiwapo.

Sababu yake ni mwalimu wetu wa kanisa, Dishon Wafula. Ni kijana wa bara, wa kule karibu na mpaka wa Uganda, aliyekuja kuandika makaratasi bandarini akaishia kutuandikia sisi dhambi zetu. Simchukii. Ana sauti nzuri ya kuimba, na hali chakula cha mtu bila kuuliza kama watoto wameshakula. Lakini alifundishwa mahali fulani kwamba utani wa matangani ni ushenzi, Padre akakubaliana naye, na amri ikatoka: atakayefanya utani penye maiti au ndani ya kanisa atatengwa na Meza ya Bwana mwaka mzima.

Kwa kijana, mwaka si kitu. Mimi nimeshapita sitini, na kifua changu hukohoa kila mvua inapotaka kunyesha. Na mtu akifa ametengwa, kengele haipigwi na Padre haji. Unazikwa pembeni ya shamba kwa jembe la jirani. Nimeosha maiti wa kanisa hili miaka ishirini, kwa hiyo najua ninachotaka siku yangu ikifika. Nataka kengele. Nataka wimbo wenye beti sita na usirukwe hata ubeti mmoja. Nataka kanzu nyeupe ya Padre ichafuke matope kwa ajili yangu. Kwa hiyo siku ya kumzika Ngumbao nilifunga leso kichwani nikafunga na mdomo. Sidi, mjane wake, alinitazama mara mbili kutoka ng'ambo ya kaburi. Mimi nikatazama vidole vya miguu yangu.

Tangu siku hiyo Sidi hakulia. Alikaa mkekani, akaitikia salamu, akagusa chakula kwa heshima ya waliokileta. Majirani wakasema ana moyo mgumu, wengine wakasema huenda ndoa yenyewe ilikuwa imechoka. Mimi nilijua ni nini. Niliona haya, na haya ile ikanifanya mkali kwa kila aliyenikaribia, hata kuku.

Ikatangazwa Jumapili ya kuwakumbuka marehemu wote wawili. Dishon akazunguka na penseli yake kuandika maisha yao. Nilikuwapo alipofika kwa Sidi, na nilimwona kwa macho yangu jinsi anavyofanya kazi. Sidi alimwambia kwamba Ngumbao alikuwa akikoroma hata akiwa macho. Akaandika, alikuwa mtu mtulivu. Kafedha naye, mjane wa Tsofa, alinisimulia baadaye kwamba alimweleza Dishon jinsi mumewe alivyogombana na jirani miaka sita kwa ajili ya mpapai mmoja, ikaandikwa kwamba alipenda haki. Kijana yule angepewa fisi amwandike, tungesoma kwamba alikuwa mwenye tabasamu.

Jumapili ikafika na kanisa likajaa. Walikuja watu mpaka kutoka Shanzu. Dishon alivaa tai, akasimama mbele na karatasi mbili, akasema ataanza na mzee Ngumbao. Akasoma. Marehemu alikuwa mpole, mcha Mungu na mchapa kazi. Hakuwa na ugomvi na mtu. Aliitumikia serikali kwa uaminifu wakati wa vita vya Mjerumani. Aliwapenda watoto na alikuwa mfano kwa vijana. Watu walitikisa vichwa taratibu. Sidi aliinamisha uso ndani ya leso kwa adabu. Nakiri kwamba hata mimi nilitikisa kichwa, kwa kuwa maneno yalikuwa yakipita vizuri na hayakumgusa mtu.

Kisha akamalizia: "Amemwacha mjane wake mpendwa, Kafedha."

Kanisa likaganda. Kafedha aliinua kichwa akamtazama Sidi, Sidi akamtazama Kafedha, na wanaume wakapata ghafla jambo la kuangalia sakafuni. Dishon alikuwa amechukua karatasi ya Tsofa. Aliomba radhi, jasho likimtoka, akaichukua ile nyingine, akaanza upya kumsoma Ngumbao. Alikuwa mpole, mcha Mungu na mchapa kazi. Hakuwa na ugomvi na mtu. Neno kwa neno, mpaka kwenye mfano kwa vijana, na tofauti ikawa ni jina la mjane peke yake. Yaani tungeweza kuwazika watu wale kaburi moja na kuokoa kazi ya kuchimba.

Wa kulaumiwa hakuwa Dishon peke yake. Sote tulikuwa tumemsikiliza Tsofa tukidhani ni Ngumbao, na hakuna aliyestuka, hata mke wake, hata mimi mtani wake. Hilo ndilo lililoniuma. Sidi aliondoa leso usoni, macho yake makavu kabisa, akanitazama mara ya tatu.

Nikasimama.

"Mama Kaviha," Dishon akasema, "keti, tafadhali."

"Mwanangu, umetusomea mtu mmoja mara mbili. Niache nimsome wa pili."

"Amri unaijua, mama."

"Naijua. Niandike."

Nikatoka kwenye benchi nikashika njia ya katikati kwa mwendo wa Ngumbao: kifua mbele, mguu wa kushoto ukija kwa kuchelewa, shingo juu, macho kwenye makuti ya kanisa kama anayehesabu madafu ya watu. Upande wa wanaume kicheko kikamponyoka mtu, akakigeuza kikohozi. Nikafika mbele, nikawaambia nitawasimulia jinsi Ngumbao alivyoitumikia serikali kwa uaminifu.

Ilikuwa mwaka wa kumi na saba. Serikali ilikuwa ikikusanya wanaume kwa nguvu kwenda Kariakoo, kubeba mizigo ya askari waliokuwa wakimfukuza Mjerumani, na waliochukuliwa hawakuwa wakirudi wote. Sidi alikuwa bibi harusi wa miezi minne. Alimpandisha mumewe kwenye uchaga, ile dari ya kuhifadhi mahindi juu ya jiko, akamfunika kwa magunzi. Askari wawili walipofika akawaambia kwamba mumewe amekufa kwa homa huko Jomvu na amezikwa hukohuko. Askari hawakuwa wajinga. Wakauliza, kama amekufa, matanga yako wapi?

Matanga yakawekwa saa ileile. Wakaja majirani waliojua na wasiojua, na wasiojua walilia vizuri zaidi. Askari wakaketi mlangoni wakaletewa mihogo. Mimi nikaitwa mbio kutoka shambani, kwa kuwa matanga bila mtani hata askari angeyatilia shaka. Sidi alininong'oneza nifanye kidogo tu. Kidogo siijui.

Nikasema marehemu alikuwa mchoyo, anakula yai gizani. Uchaga ukanyamaza. Nikasema alikuwa akiogopa vyura. Kimya. Watu wakacheka, nami nikizidi kuchekewa huzidi kusema. Nikasema hata ugema wake ulikuwa wa uongo, hakuwahi kupanda mnazi maishani mwake, aliyekuwa akipanda ni mdogo wake, yeye alisimama chini akishika kibuyu. Hapo sauti ikatoka juu ya jiko, kavu kwa moshi: "Mwongo wewe, Kaviha. Taja mnazi mmoja."

Askari walimaliza mihogo kwanza. Kisha wakaomba ngazi.

Kanisa zima lilikuwa linacheka sasa, hata watu wa Shanzu ambao hawakumjua. Nikangoja watulie, maana lililobaki halikuwa la kuchekesha. Nikawaambia kwamba alikaa huko Kariakoo mwaka na nusu kwa sababu ya ulimi wangu, na kwa muda wote huo sikuweza kumtazama Sidi kisimani. Alirudi amekonda, vidole viwili vya mguu wa kushoto havipo. Hakwenda kwake kwanza. Alikuja mlangoni kwangu, nami nikajiweka tayari kupigwa, maana ilikuwa haki yake. Akasimama pale na fimbo yake akaniuliza, "Mnazi upi?"

Miaka thelathini aliniuliza hivyo, kisimani, sokoni, mara moja hata kwenye foleni ya ubatizo, maji yakiwa bado yananitiririka. Hakuniuliza jambo jingine lolote kuhusu Kariakoo, na wala hakunilaumu.

"Basi nasema tena," nikasema mbele ya wote. "Ngumbao hakuwahi kupanda mnazi. Alikuwa anashika kibuyu."

Nikatazama juu kwenye makuti, nikangoja. Kanisa zima likatazama juu. Najua ninavyoonekana, mwanamke mzima kumngoja maiti ajibu. Lakini niliyempa maneno ni mtu ambaye hajawahi kuyaacha yapite, na kwa kitambo kile nilimngoja kweli. Hakujibu.

Ndipo Sidi akalia. Alilia kwa sauti, kama tulivyokuwa tukilia zamani kabla ya kufundishwa kulia ndani ya leso, na wanawake wakamshika mabega. Nami niliyekwenda mbele kwa kiburi nikashindwa kurudi kwenye benchi langu. Nikakaa palepale chini, nikalia na kukohoa kwa pamoja.

Tulipotulia, Kafedha akauliza kutoka mahali pake, polepole, "Na wangu?" Mimi si mtani wa Tsofa, sina ruhusa naye. Mwenye ruhusa alikuwa mzee Thoya, aliyekaa nyuma karibu na mlango, na watu wote wakageuka kumtazama. Thoya alimtazama Dishon. Dishon alizikunja zile karatasi mbili akazitia mfukoni, akaketi. Thoya akaja mbele na kuanza na ule mpapai, na ibada ikaisha mchana umeshaingia.

Msije mkadhani amri ilifutwa. Dishon ni mtu mkweli, alimwandikia Padre yote yaliyotokea, na yake pia hakuyaficha. Jibu likaja baada ya wiki mbili. Thoya aliwekewa miezi sita, kwa kuwa alifuata mfano mbaya. Mfano mbaya ukapewa mwaka.

Dishon aliileta barua mwenyewe. Nilikuwa nje napepeta mchele. Aliisoma amesimama, sauti ikimwisha kila alipofika kwenye jina langu, akaikunja, akabaki pale. Akasema nikifa kabla ya mwaka kwisha atapiga kengele yeye mwenyewe, na Padre afanye atakalo.

Nilimshukuru, na nilimaanisha. Lakini nilipotaka kumtania kidogo ili asione kuwa nimeguswa, maneno yalinipotea. Jambo nililokuwa nikilikwepa tangu masika lilikuwa limefika mbele yangu.

"Kengele utapiga," nikamwambia. "Lakini nani atanisema? Mtani wangu alikuwa Ngumbao. Watoto wa ukoo wao wako Kaloleni, hawanijui hata kwa sura. Mtanisomea upole na uchaji Mungu, halafu mtanifukia."

Alitazama ungo wangu, akatazama barua mkononi mwake. Akasema kwamba yeye si wa ukoo ule, wala si wa pwani, na kwamba haki hiyo hana. Lakini kama mtu anaweza kufundishwa kusoma, labda anaweza kufundishwa na hili. Kisha akauliza, kwa adabu kabisa, nina makosa gani.

Akatoa penseli. Nikamwambia airudishe mfukoni, nikasogea mkekani apate mahali pa kuketi, nikaanza na uongo.