Kwa Nini ya Tano

Tangu Bwana Farouk, mkuu wa kiwanda, arudi kutoka Japani, alikokaa wiki tatu akisomea uongozi, Rehma hakujua tena raha. Kila wiki kiwanda cha samaki kilizuliwa jambo jipya. Mara mistari ya rangi sakafuni, mara kunyoosha viungo saa moja asubuhi, na wanaonyooshwa ni akina mama waliotoka mtaa wa Nyalenda kwa miguu. Rehma, msimamizi wao, ndiye aliyehesabu moja, mbili, tatu, huku goti lake likilia.

Jumatatu hiyo mnunuzi alirudisha katoni ya minofu ya mbuta. Ilikuwa na mifupa, na ilitoka trei namba nne. Namba nne ni Mama Perez, aliyemfundisha Rehma kushika kisu.

Kosa likitokea kulikuwa na fomu. Unamuuliza mhusika kwa nini mara tano, mbele ya wenzake, unaandika kila jibu, na jibu la tano ndilo chanzo. Lawama ni ya utaratibu, si ya mtu, mwalimu wa Kijapani alisema. Maneno matamu hayo! Fomu mbili za kwanza ziliishia kwa watu, na watu wenyewe hawako tena kazini.

Rehma aliona haya. Mtu wa rika la mama yako hahojiwi hadharani.

"Mama, kwa nini mifupa ilibaki?"

"Ilinipita."

"Kwa nini ilikupita?"

"Sikuona."

"Kwa nini hukuona?"

Meza nzima iliinamia samaki. Nani hakujua?

"Macho imezeeka," alisema Mama Perez.

Hapo Rehma angeweza kukomea. Lakini fomu ilitaka tano, naye alikuwa mtu wa kumaliza kazi.

"Macho haikuzeeka leo. Kwa nini zamani mifupa haikuwa inabaki?"

Akajibu Sheryl, jirani wa Mama Perez mezani. "Zamani trei ilikuwa moja. Mama akimaliza, mimi napitisha kidole, Akinyi anapitisha. Saa hii ukigusa trei ya mwenzako unaandikwa."

"Na kwa nini kila mtu ana trei yake?"

Wote waliinua macho kwenye ofisi ya vioo ya Bwana Farouk, na Rehma akaandika: namba kwenye trei. Kwa mara ya kwanza alifurahi, maana hii karatasi ya Japani kumbe ilikuwa na akili.

Bwana Farouk aliisoma akasonya.

"Hii si sababu. Namba ndiyo utaratibu wenyewe."

"Si mwalimu alisema lawama ni ya utaratibu?"

"Utaratibu wa zamani, Rehma." Akamsukumia fomu nyingine. "Kuuliza si ujinga. Uliza tena, kabla ya chakula cha mchana. Kama huwezi, nitapata msimamizi anayeweza."

Rehma aliteremka ngazi akiwa amechoka hata hasira hana. Alisimama mbele ya Mama Perez, kalamu na fomu mpya mkononi.

Mama Perez alifuta kisu chake, akakilaza mezani.

"Andika macho, nyathina, mwanangu," alisema polepole. "Lakini usiniulize tena mbele ya watu."

"Mama, hilo si jibu la tano. Wewe mwenyewe umesikia."

"Nimesikia. Yeye hatasikia. Wewe uko na watoto shule, na umechoka. Andika."

Rehma alitamani Sheryl aseme neno, au Akinyi, au mtu yeyote. Visu viliendelea kukata. Akaegemea meza, akaandika macho kwenye mstari wa kwanza. Akaandika macho kwenye wa pili, na wa tatu, na wa nne, na wa tano, akapeleka.

Bwana Farouk alitupia jicho mstari wa mwisho tu, akatia sahihi.

"Unaona?" alisema. "Sasa umeelewa."