Uzi Mwekundu Kwenye Bomba

Tone. Kimya. Tone tena.

Mama Kidoti alifumbua macho gizani, akatulia vile vile, mkono wake mgongoni mwa mwanawe. Kwanza alijaribu kujidanganya kwamba ni bomba la watu wengine. Lakini aliyelitengeneza kwa mikono yake anaijua sauti yake. Ilitoka nje, nyuma ya ukuta wa jiko lake, pale pale kwenye kona aliyoifunga jana asubuhi na kuiapia kwamba haitavuja tena.

Shuka lilikuwa limelowa. Kidoti alikuwa amekojoa. Mama yake akamsogeza upande mkavu, akambusu kwenye kile kidoti cheusi cha kidevuni kilichompa jina, kisha akalala macho akisikiliza tone moja moja mpaka kulipopambazuka.

Bomba lenyewe halikuwa na makuu. Lilikuwa la plastiki, la kijivu, lilitoka kwenye sinki lake, likapenya ukuta, likakata kona, likateremka chini ya dirisha la jirani mpaka mtaroni. Maji ya vyombo na ya kufulia yote yalipita humo. Tabu ni kwamba mwenye nyumba alikuwa ametoka kupaka ukuta rangi mpya, nyeupe kama yai. Fundi wa rangi aling'oa kila kilichoshika ukuta, misumari na vibanio vya bomba, na havikurudi; bomba likabaki limelegea, na pale konani likapata ufa. Mwenye nyumba akatangaza: atakayepigilia hata msumari mmoja, au atakayemchafulia ukuta, afungashe virago. Jumamosi atapita kukagua.

Fundi bomba aliitwa. Aliliinamia bomba, akavuta pumzi kama daktari mwenye habari mbaya, akataja bei. Mama Kidoti alimshukuru kwa heshima zote, akamsindikiza mpaka getini.

Basi akajitengenezea. Mara ya kwanza alisindilia ufa kwa kipande cha sabuni. Sabuni ikayeyuka, kama sabuni. Mara ya pili alijipanga. Mwenzake wa masomo ya jioni, dereva wa lori, alimpa gundi ya bomba iliyobaki chini ya kopo. Akalikausha bomba kwa kitambaa, akalisugua kwa msasa mpaka likapauka, akapaka gundi, akangoja ikauke. Juu yake akazungusha utepe wa tyubu ya baiskeli, akiuvuta mpaka unalia. Alipomwaga ndoo nzima kwenye sinki, nje hapakutoka hata jasho. Siku ile alitembea kama mhandisi.

Na sasa linavuja tena. Kitu alichokifunga hivyo kingefunguka vipi chenyewe?

Asubuhi alimkuta jirani yake ameshakaa dirishani na cherehani yake. Mtaa mzima ulimwita Mama Cherehani. Alikuwa mjane, miwani yake imefungwa kwa uzi.

"Limelia tena?" Mama Cherehani aliuliza bila kuinua macho.

"Umelisikia, mama?"

"Mwanangu, liko chini ya dirisha langu. Marehemu mume wangu alikuwa akikoroma, lakini yeye angalau alikuwa akigeuka upande wa pili."

"Hujaona mtu akilishika?"

"Nani alishike? Bomba la maji machafu lina utamu gani?"

Akacheka, akakanyaga cherehani. Kicheko kile kilimwingia Mama Kidoti kama mchanga kwenye kiatu. Kutwa nzima, akifagia korido za zahanati alikofanya kazi, alikuwa nacho.

Maana kulikuwa na mambo. Wiki iliyopita Mama Cherehani alisema mpwa wake amepata kazi karibu na anatafuta chumba. Kisha akauliza, hivi hivi tu, kama chumba cha Mama Kidoti kinaingia kitanda na kabati pamoja. Juzi tena alikutwa amechutama kando ya bomba. "Natafuta sindano," alisema. Sindano, nje, kwenye tope?

Lakini angemwambiaje? Kila jioni Mama Kidoti alipokwenda darasani, mtoto alibaki kwa mama huyu, akilala juu ya vipande vya vitambaa mpaka mama yake arudi. Mtihani ulikuwa mlangoni. Akifaulu, pale zahanati wangemtoa kwenye ufagio wamkalishe mapokezi. Akimkosea Mama Cherehani, madaftari atayafunga. Akinyamaza, Jumamosi atakuwa barabarani na godoro kichwani. Huku moto, kule maji, na hayo maji yenyewe machafu.

Ijumaa alilifunga bomba upya, safari hii gundi kidogo na tyubu mara mbili. Kisha akaingiza mkono kwenye mfuko wa gauni la Kidoti, akatoa uzi mwekundu. Mtoto hakosi uzi mfukoni, anarudi nao kila jioni kutoka sakafuni kwa Mama Cherehani. Akaufunga juu ya kiungio, ncha moja huku, ncha nyingine kule, umekazwa sawasawa. Atakayeligusa bomba ataukata.

"Unalifunga kidonda?" Kidoti aliuliza.

"Ndiyo, mama. Usiliguse."

"Litapona?"

"Litapona. Na tutamjua anayelitonesha."

Jumamosi alitoka kukiwa bado na ubaridi. Uzi ulikuwepo, mzima, mwekundu kama mdomo wa bibi harusi. Akashusha pumzi. Akafua shuka la usiku na blanketi lililolowa pamoja nalo, akayakamua nusu nusu kwa haraka, akayatupa kwenye kamba. Kamba yenyewe, tangu msumari wake ung'olewe, ilikuwa imefungwa kwenye kona ya bomba upande huu, na kwenye nguzo ya geti upande wa pili. Akaingia ndani kuchemsha chai. Kupitia dirishani alimwona Mama Cherehani akipita na ufagio, akiinama, akiinuka.

Aliporudi, uzi ulikuwa umekatika. Maji yalikuwa yakishuka ukutani, mstari mrefu wa kahawia juu ya weupe.

Na geti likagonga. Mwenye nyumba huyo, kofia mkononi, macho ukutani.

"Nilisema au sikusema?" aliuliza taratibu.

"Ulisema, mzee. Lakini si mimi." Mama Kidoti alisikia sauti yake ikipanda, hakuweza kuishusha. "Nililifunga likakauka. Niliweka uzi, na alfajiri ulikuwa mzima. Hapa hakuna aliyepita isipokuwa yeye."

Mama Cherehani alisimama na ufagio wake. "Yeye nani?"

"Wewe, mama. Mpwa wako anataka chumba. Ulikiulizia changu mpaka kabati."

"Mimi nivunje bomba?" Mama Cherehani aliutazama mkono wake kama vile si wake, vidole vyake vimepinda kwa miaka ya mkasi. "Mimi hata kifuniko cha chupa namwomba mwanao anifungulie."

"Na lile la kuchutama hapa?"

"Sindano ilidondoka dirishani. Mwanao anatembea peku."

Mama Kidoti akaitazama miguu mitupu ya Kidoti, aliyekuwa amesimama mlangoni. Lakini mwenye nyumba alikuwa ameshapata jibu lake. "Ni kweli, mama, ulinijia kuulizia chumba cha mpwa wako. Ukaniambia nikikosa, nimpe kitakachoachwa wazi kwanza." Akavaa kofia. "Kumbe ulikuwa unakitengeneza kiachwe. Mwisho wa mwezi nataka ufunguo wako."

Mama Cherehani hakubishana. Aliuegemeza ufagio ukutani kwa uangalifu, usiguse rangi, akavua miwani, akaifuta kwenye upindo wa gauni. Bila miwani uso wake ulionekana wa mtu mwingine, mzee zaidi. Kidoti alimsogelea akaushika mkono wake, kama afanyavyo kila jioni akisubiri kuoshwa miguu.

Ndipo upepo ukaja. Si mkubwa. Ulijaza shuka na kulisukuma blanketi, kamba ikakaza, na kona ya bomba ikaachana na ukuta polepole, kama mlango unaofunguliwa na mtu asiyetaka kusikika. Maji yakaruka. Upepo ukatulia, bomba likarudi mahali pake. Ncha mbili za uzi mwekundu zikaning'inia.

Mama Kidoti aliona. Mwenye nyumba alikuwa ameshageukia geti, hakuona. Mama Cherehani, miwani mkononi, asingeweza kuona.

Chumba cha Mama Kidoti kilikuwa kimepona. Hakuna aliyekuwa anamwangalia. Alitazama fundo la kamba alilolifunga mwenyewe, imara, fundo la kujivunia, akaona pale lilipokwangua plastiki. Akafungua mdomo. Ulimi ulikuwa mzito kama blanketi lile. Geti lilianza kulia kwenye bawaba.

"Kamba yetu ndiyo inavuta bomba," Kidoti akasema.