Kilichonaswa na Kirusi

Binti alijua mambo yameharibika alipofika nyumbani akakuta viti vimepangwa uani. Baba yake, mfugaji wa kamba ambaye wenzake humwita Mzee Koleo, alikuwa amewaalika wafugaji wote wa jirani waje wasikie kwa masikio yao jinsi mwanawe alivyomkamata mwizi wa mabwawa.

Mwizi mwenyewe ni kirusi cha madoa meupe. Kikishaingia bwawani, leo kamba wanacheza, kesho wanaelea. Mabwawa ya Mzee Koleo kilishayafagia mara mbili, na mara ya pili mzee aliacha kula, akawa anashinda kwenye tuta akitazama maji matupu. Ndiyo maana binti alipoajiriwa maabara, baba aliichukulia kazi ile kama kesi ya familia.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kuvua. Kirusi hakiwezi kuingia ndani ya seli ya kamba mpaka kishike protini fulani ya kamba mwenyewe, kama mtu anavyoshika kitasa cha mlango. Ukikijua kitasa, unaweza kuchagua mbegu ya kamba ambao kitasa chao hakishikiki. Basi binti alichukua protini ya kirusi, akaibandika kwenye vishanga vidogo kama vumbi, akavimwagia maji ya nyama ya kamba iliyosagwa, akaviosha, akangoja aone nini kimeng'ang'ania. Alipokipitisha kilichonasa kwenye jeli na kukitia rangi, ukatokea mstari wa bluu, mnene kiasi kwamba mkuu wa maabara alivua miwani akaivaa tena. Binti, kwa furaha isiyo na akili, akampigia baba simu kabla mashine ya kutambua protini haijasema mstari ule ni wa nini.

Leo asubuhi mashine ilisema. Keratini, protini ya ngozi. Na si ngozi ya kiumbe wa majini, ni ya binadamu.

Kwanza alimshuku mkuu wa maabara, mwenye tabia ya kukuna ndevu akiinamia vyombo vya watu. Kisha akakumbuka. Kamba wale waliletwa maabara na baba mwenyewe, na alipomwona binti anawamenya kwa glavu na kibano, mmoja mmoja, alimsukuma pembeni kwa bega.

"Mama, hao utawamaliza mwakani. Hebu nipishe."

Akawamenya wote kwa mikono mitupu, mikono ile ile iliyompatia jina, migumu, iliyopasuka na kubanduka magamba kwa chokaa ya mabwawa. Alikuwa akipiga mluzi. Na binti, mtaalamu mzima, akamwachia. Nani angemwambia Mzee Koleo asiguse kamba wake?

Sasa mzee alisimama mbele ya viti, shati limenyooshwa kwa pasi mpaka kola inamkwaruza shingo. "Jamani, niliwaambia. Huyu hapa. Mama, waambie."

Binti angeweza kusema uchunguzi bado unaendelea, watu wakanywa soda, wakaenda zao. Lakini jirani wa bwawa la pili alikwisha kuanza kuuliza mbegu hiyo itapatikana lini, na binti alijua wa kwanza kujaza bwawa atakuwa baba yake. Mara ya tatu ingemmaliza.

"Shikamooni," alisema. "Nilichokivua si protini ya kamba. Ni ya ngozi ya mtu. Msijaze mabwawa kwa maneno yangu."

"Ngozi ya nani?" jirani aliuliza.

Binti alitazama chini. Mzee Koleo alitazama viganja vyake, akavigeuza, kisha akavitia mfukoni.

"Wale niliowamenya mimi?"

"Ndiyo, baba."

"Na glavu zilikuwepo?"

"Zilikuwepo."

"Na ukaniacha tu?"

"Niliogopa kukukataza."

"Basi, Koleo," jirani alisema, "tumekuja kusikiliza habari za kamba, kumbe daktari kakugundua wewe."

Watu wakavunjika mbavu. Mzee peke yake hakucheka. Aliingia ndani akafunga mlango, na binti alibaki kugawa soda huku machozi yakimlengalenga.

Kesho yake mlango wa maabara ulisukumwa kwa kiwiko. Alikuwa baba, mikono juu, amevaa glavu za mkewe za kuoshea vyombo, za rangi ya waridi, na kofia ya plastiki ya kuogea. Ndevu alikuwa amezinyoa zote. Nyuma yake jirani alibeba ndoo ya kamba, naye alikuwa amepigwa marufuku kukohoa.

"Nionyeshe pa kusimama," baba alisema. "Nikigusa kitu, nifokee. Kwenye kazi yako usiniogope tena."

Akasimama ukutani mpaka kamba wa mwisho alipomenywa. Pua ilimwasha, akaikunja na kuikunjua, lakini hakuigusa.

Majibu ya mashine yalipotoka, binti alimwita aje aone. Kwenye jeli palikuwa na mstari mmoja, mwembamba, wa kutafuta kwa macho. Mzee aliinama, mikono nyuma.

"Mbona mdogo hivi? Ule wangu ulikuwa mnene."

"Ndiyo, baba. Lakini huu ni wa kamba."