Ngurumo Asiyenguruma

Ukipita nje ya karakana ile Jumamosi alasiri, utadhani ndani kuna kesi ya kiwanja. Sauti zimepanda, mtu anagonga bati, mwingine anaapa kwamba upuuzi huu hauvumiliki. Ndani hakuna kesi wala kiwanja. Kuna watu watatu wazima, wenye kazi zao, madeni yao na miwani yao ya kusomea, wanaotoana jasho kwa ajili ya mtu aliyechorwa.

Mtu huyo anaitwa Ngurumo. Ana joho la bluu, ana kifua kama kabati la nguo, na tangu watu hawa wakiwa shule ya msingi amekuwa akitoka kila mwezi katika kitabu chembamba cha katuni, akitandika majambazi, majoka na, safari moja, sayari nzima. Akipiga, ukurasa unajaa sauti kwa herufi nene: KACHA! TWAA! PU! Adui akitupwa mtoni, CHUBWI! Mtu wa kawaida akikua huviacha vitabu hivyo kwa mdogo wake. Hawa hawakuwa watu wa kawaida, na walijivunia jambo hilo kuliko lilivyostahili.

Mwenye karakana ni fundi friji, lakini Jumamosi hakuna anayemwita fundi. Anaitwa Mwenyekiti. Uchaguzi haukuwahi kufanyika. Alijiita mwenyewe, na kwa kuwa viti vyote ni vyake, hakuna aliyepinga. Viti vyenyewe ni mafriji mabovu yaliyolazwa chali. Kubwa kuliko yote, lililotoka katika bucha iliyofilisika, linaitwa Kiti Kikuu, na sheria ya kukikalia ni moja tu: anayemsahihisha mwenzake aliyekosea jambo lolote kuhusu Ngurumo, hata rangi ya kamba za viatu, ndiye anayekikalia. Kwa ajili ya kiti hicho watu wazima wamenuniana wiki nzima. Kinyozi, ambaye duka lake liko ng'ambo ya barabara, aliwahi kumwacha mteja na ndevu za upande mmoja akaja mbio kusahihisha jina la mama yake Ngurumo.

Balaa lilianza kampuni ilipomkabidhi Ngurumo kwa mwandishi mpya. Mwandishi huyo, bila kumuuliza mtu, alimvua joho. Akamzeesha. Akamnyang'anya nguvu zake zote, akampangishia chumba katika jengo refu lisilo na lifti. Na baya kuliko yote, akafuta sauti. Toleo zima, tangu jalada hadi mwisho, kimya kama maji ya mtungi. Hakuna hata PU moja.

Wale watatu walikutana kwa dharura, wakalaani, kisha wakaapa kwamba hakuna atakayekinunua, kukisoma wala kukigusa kitabu hicho. Waliapa mikono ikiwa juu ya Kiti Kikuu. Walijiona watu wa msimamo. Ukilitazama jambo lenyewe kwa utulivu, ni watu watatu walioapa juu ya friji la bucha.

Hasira ya Mwenyekiti ilikuwa na mzizi, naye aliujua, ila hakuwa tayari kumwonyesha mtu. Binti yake wa pekee alipokuwa mdogo, alikuwa akikaa mapajani mwake humo humo karakanani. Baba alisoma maneno, mtoto alitoa sauti. Baba akisema, "Ndipo Ngurumo akamrukia yule jambazi," mtoto alivuta pumzi yote aliyokuwa nayo: "KACHA! TWAA! PU!" Alizitoa vizuri hivi kwamba wateja waliokuja kugomba kuhusu mafriji yao waliishia kusimama mlangoni wakisikiliza. Wakamwita Makelele, na jina likaganda. Makelele alikua, akawa muuguzi, akaanza kuamrisha wanaume wenye mabega mapana wameze dawa, lakini kila Jumamosi asiyokuwa zamu alikuja, akaketi, na zamu ya sauti ilipofika akazitoa bila haya hata chembe. Baba yake hakuwahi kumwambia kwamba aliishi wiki nzima akisubiri saa hiyo.

Siku ya kiapo Makelele alikuwa kazini. Jumamosi iliyofuata akaja na kitabu kipya mkononi, macho yanang'aa.

"Baba, tusome hiki. Ni kizuri kuliko vyote."

Mwenyekiti aliwatazama wenzake, nao walikuwa wanamtazama yeye. Akasema, kwa sauti ya kiongozi, "Anayeona hiki kizuri hana masikio. Na asiye na masikio hana kiti hapa."

Alimlenga mwandishi, akampata mtoto. Makelele alikiweka kitabu juu ya meza ya vifaa, akaaga kwa adabu, akatoka. Tangu hapo akipiga simu nyumbani anazungumza na mama yake tu. Baba akiwa karibu huambiwa, "Anakusalimia," na hata hilo alishuku kuwa mkewe alikuwa anamwongezea.

Sasa Makelele alikuwa amehamishiwa hospitali ya mji wa mbali. Angeondoka kesho yake, na Jumamosi hii angepita karakanani kuchukua friji lake dogo alilolileta zamani likiwa haligandishi. Lilikwisha kutengenezwa. Lilikuwa limetengenezwa kitambo sana, ila kila alipoulizwa, Mwenyekiti alijibu kwamba kuna kifaa hakijafika.

"Friji limepona," mkewe alimwambia asubuhi ile, akimkabidhi chupa ya chai. "Mgonjwa ni wewe. Mwambie mtoto ulikosea, yaishe. Akiondoka hivi, usije ukaniambia mimi nikuombee msamaha kwa simu."

"Nimwambie mbele ya Kinyozi?"

"Ulimtukana mbele ya nani?"

Akanywa chai, ikamuunguza.

Alipanga kumwahi binti kabla ya kikao. Lakini mashabiki, ambao hawajawahi kuwahi harusi wala msiba, siku hiyo waliwahi. Mwalimu wa hesabu, mama mmoja mwembamba aliyeweza kunyamazisha darasa zima kwa kuvua miwani, alikuwa tayari amekalia Kiti Kikuu. Kinyozi hakuketi. Alikuwa anatembea huku na huku na kitana sikioni.

"Tusimwonee mwandishi," Mwalimu alisema. "Kihesabu, Ngurumo ni mzee. Amepigana muda wote huu. Hata bawaba ya mlango inachoka."

"Bawaba haina joho!" Kinyozi alimaka. "Mimi mwenzenu nilivumilia aliposhindwa na wale popo. Nilivumilia alipooa. Lakini hiki nilichosikia, na nimesikia tu, sijasoma, kimenimaliza. Eti ukurasa wa mwisho jirani mgeni anahamia, na Ngurumo anamsaidia kupandisha godoro kwa ngazi. Godoro! Mtu aliyesukuma sayari kwa kichwa! Kalitwika bega la kushoto kama mchukuzi wa sokoni!"

"La kulia," alisema Mwenyekiti.

Lilimtoka lenyewe, kama chafya. Miaka yote ya kugombea Kiti Kikuu ilikuwa imeufundisha mdomo wake kufanya kazi bila kumngoja mwenyewe.

Mwalimu akavua miwani.

"Umesemaje?"

Mtu mwenye akili angesema amesahau. Shabiki hawezi. "Nimesema la kulia. La kushoto lilivunjika kwenye vita vya mnara, halikuunga vizuri. Asingeweza kulibebea godoro."

"Mnara tunaujua. La kulia umelionea wapi?"

"Kwenye jalada."

"Jalada amechorwa kwa nyuma, na godoro halipo," alisema Mwalimu, halafu akajiziba mdomo kwa mkono, lakini maneno yalikwisha kupita.

Kinyozi aliruka kwa furaha. "Wasaliti! Wote wawili! Mmekula kiapo mkakitapika! Na tena Mwalimu umekosea, godoro lipo, linaonekana kwenye kioo cha dirisha la tatu, pale kwenye..." Kidole chake kilibaki hewani kikionyesha dirisha ambalo mtu asiyesoma asingeweza kulijua. "Nilikuwa nawatega," alimalizia.

"Hukututega," alisema Mwalimu.

"Sikuwatega," alikubali, akakaa.

Yakamwagika yote. Mwalimu alikisoma akiwa amekificha ndani ya karatasi za mtihani, akiwasimamia watoto wasiibe majibu. Kinyozi alikisoma nyuma ya kioo kikubwa cha dukani, akalia, ila alisisitiza kuwa alilia kwa hasira. Kisha, kwa kuwa hawa ni watu waliopotea kabisa, waliacha aibu yao pembeni wakaanza kujadili kwa dhati nani sasa ana haki ya Kiti Kikuu, maana kila mmoja alikuwa amesahihisha na kila mmoja amevunja kiapo. Mwalimu aliinuka. Kiti kikabaki kitupu, wote watatu wakikitolea macho.

"Lakini lile bega," Mwenyekiti alisema polepole. "Vita vya mnara ni vya zamani sana. Waandishi wote waliofuata walilisahau. Huyu amelikumbuka. Anampenda Ngurumo, yule mtu. Anampenda kuliko sisi tulivyo..."

"Hodi."

Makelele alikuwa mlangoni, amevaa viatu vya kazini, na nyuma yake gari dogo la mizigo lilikuwa linanguruma barabarani. Hakuwa amesikia chochote. Alimwamkia Mwalimu, akamwamkia Kinyozi, halafu baba yake, kwa heshima ile ile kamili, na heshima hiyo ilimuuma baba kuliko kama angenuna.

"Nimefuata friji, baba. Kama halijapona nitalichukua hivyo hivyo."

Ulikuwa wakati wake. Mwenyekiti alifungua mdomo, akamwona Kinyozi anamtazama, na kilichotoka ni hiki: "Kuna kile kifaa bado..."

Mwalimu aligeuza uso ukutani. Kuna mambo mtu hawezi kuyatazama.

Makelele hakubishana. Alikwenda kwenye kona alikoliona friji lake, akashangaa kuona waya umechomekwa, akafungua mlango. Ubaridi ulimpiga usoni. Akachutama, akavuta droo ya chini, ile ya mboga, akatoa kitabu cha katuni. Kilikuwa kile kile alichokiacha mezani. Kilikuwa baridi kama soda, na kona za kurasa zake zilikuwa zimelegea kwa kufunguliwafunguliwa.

"Baba," alisema. "Hiki kinafanya nini humu?"

Mwenyekiti alitafuta uongo, na kwa mara ya kwanza karakanani mle uongo ulikosekana. Mkewe alikuwa amemwagiza neno moja tu. Kumbe neno moja likikwama kooni lina uzito wa kompresa, ile mashine nzito ya nyuma ya friji.

"Nilikosea," alisema. Kinyozi alikuwepo, Mwalimu alikuwepo, na mbingu haikuanguka. "Nilikisoma usiku ule ule. Nimekisoma hadi nimechoka. Ni kizuri, mama. Ni kizuri kuliko vyote, kama ulivyosema. Na friji lilipona zamani. Nililizuia ili uwe na sababu ya kuja."

"Sasa kwa nini uliniambia sina masikio?"

"Kwa sababu walifuta sauti." Alijaribu kuangalia pembeni, akashindwa. "Niliposikia hakuna hata PU moja, nikajua sehemu yako haipo. Nikasema wamekufuta. Nikasema basi, mtoto hana tena sababu ya kukaa hapa na mimi. Nikawahi kukufukuza mwenyewe, mjinga mimi."

Makelele alisimama na kitabu mkononi. Alikuwa na uso wa muuguzi, ule usioonyesha kitu mgonjwa akiwa anatazama, lakini kidevu kilikuwa kinamsaliti.

"Baba, hukuelewa hata kidogo," alisema. "Mimi nilikipenda kwa hilo hilo. Zamani waliniandikia, kacha, pu, nami nasoma tu walichoandika. Safari hii hawakuandika kitu. Nilisema hiki wameniachia chote mimi. Ndiyo maana nilikimbia nacho hapa. Nilitaka tukisome, unishikie ukurasa, nitoe sauti ninazozijua mwenyewe."

Kinyozi alianza kulia, na safari hii hakusema ni hasira.

"Kwa mujibu wa sheria," alisema Mwalimu, akivaa miwani, "Mwenyekiti amekosea kuhusu Ngurumo, naye amesahihishwa mbele ya mashahidi." Akaonyesha Kiti Kikuu.

Makelele akaketi. Baba yake akavuta friji dogo la kando, akakaa karibu naye, magoti yakimgonga kidevuni, akakifungua kitabu kwenye ukurasa wa ngazi zile. Nje dereva alipiga honi. Kinyozi alitoka kumwambia asubiri kidogo, ndani kuna mgonjwa, kisha akarudi mbio asipitwe na ukurasa.

Makelele alianza kwa chini. Alitoa sauti ya viatu vya mtu mzima kwenye saruji, sauti ya godoro likisugua ukuta, sauti ya kuhema kwenye kila kona ya ngazi, kuhema kule kule kwa fundi friji anayeinua mzigo ambao umri wake hauukubali. Hakuna mwandishi aliyewahi kuziandika sauti hizo kwa herufi nene. Baba alizijua zote. Godoro lilipotua sakafuni kwa jirani, Makelele alisema "pu," taratibu sana, na Mwenyekiti, ambaye hakuwa na neno hata moja la kusoma, akabaki ameushikilia ukurasa ule ule.