Zulia la Jirani

Mwenye kiwanda cha magodoro alikuwa na ugonjwa mmoja tu: neno "sina" lilikuwa halipiti kooni mwake. Ndugu akioa, godoro. Rafiki akihamia nyumba mpya, godoro, "utalipa ukipata." Watu hawakupata, au walipata wakasahau, na sasa benki na wauza sponji walimdai hadi akawa anaingia kiwandani kwake kwa mlango wa nyuma. Aliyechoka ni mkewe. Akaenda mwenyewe kumtafuta wakili wa mambo ya kufilisika.

Wakili alitaka kwanza akione kiwanda. Akikuta kweli hakuna kitu, alimwambia mke, ataiomba mahakama iwazuie wadai kwa mwaka mmoja, mashine iendelee kuzunguka na wafanyakazi kumi na mmoja wabaki na kazi zao. Akikuta kuna mali imefichwa, ataaga na kwenda zake.

Mke alifikisha ujumbe wote. Mume alisikia neno moja tu: mgeni.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," akasema, na kuanzia hapo hakushikika. Kwa jirani fundi cherehani akaazima zulia jekundu. Saluni ya ng'ambo ya barabara ikatoa viti vinne na feni. Shemeji, kaka wa mkewe, akaleta gari jeupe na kuliegesha langoni. Wafanyakazi wakaamriwa kutabasamu. Mkewe alikuwa amekwenda kumchukua wakili. Angekuwepo, mambo yasingefika huko.

Wakili, mama mfupi wa miwani, alipita taratibu akiandika. Zulia, akaandika. Feni, akaandika. Kila kalamu ilipogusa karatasi, mwenye kiwanda alizidi kuvimba kichwa, wala hakuona jicho alilokuwa akikatwa na mkewe.

"Gari lile nje ni la kampuni?" wakili aliuliza.

"La kampuni," akajibu, ulimi ukiitangulia akili.

Wakili akafunika kalamu yake. "Basi hamnihitaji. Uza gari, uza viti, lipa watu. Nikiipeleka orodha hii mahakamani, hakimu atakuuliza umeficha nini kingine."

Akachukua mkoba. Mwenye kiwanda aliwatazama wale kumi na mmoja, bado wanatabasamu kama walivyoambiwa. Mama Gundi, aliyekuwa akibandika sponji tangu siku ya kwanza, tabasamu lake lilishaanza kutetemeka. Miezi mitano yeye, bosi wao, alikuwa akiwaambia mambo ni shwari. Aibu ilimchoma mpaka masikioni.

"Zulia ni la jirani," alisema. "Viti na feni ni vya saluni. Gari ni la shemeji."

Shemeji akakohoa. Akaeleza, macho chini, kwamba hata yeye gari ameliazima kwa bosi wake, tena linatakiwa saa nane.

"Na wewe una nini?" wakili aliuliza.

"Sina." Lilitoka dogo na kavu. "Sina kitu, mama, ila mashine ile na magodoro thelathini."

Hakuna aliyeshtuka. "Bosi," Mama Gundi alisema, "tangu ulipoanza kutusalimia mara tatu kwa siku, tulijua mshahara haupo." Wakacheka wote, naye akacheka huku akijifuta macho.

Wakili akarudisha mkoba chini. Saluni nayo ikaja kudai viti vyake, maana wateja walikuwa wamesimama, kwa hiyo wakili akaketi juu ya godoro, akageuza ukurasa na kuanza orodha upya. Saa nzima alikaa pale akiuliza na kuandika. Mwishowe akalibonyeza godoro kwa kiganja, akauliza bei yake.

"Aah, mama, wewe ni mgeni wetu, chukua t..."

Mkewe akaguna. Mashine ikazimwa. Wakili alimtazama juu ya miwani, kalamu mkononi, akingoja.

Mwenye kiwanda akataja bei kamili, bila kupunguza hata senti, jasho likimtoka kama aliyebeba mzigo.

Wakili akahesabu noti, akaomba risiti. Mama Gundi akavuta kamba ya kufungia godoro. "Mgeni kaja," alisema, "na mwenyeji kaanza kupona."

Kitabu cha risiti kilitafutwa robo saa, maana tangu mwaka uanze hakuna aliyekigusa.