Mtaa wa Kwanza Kukatiwa

Mume wangu ndiye hupanga umeme wa mji mzima, na majirani wanamwita Bwana Giza. Hawajamwonea. Umeme usipotosha, lazima baadhi ya mitaa ikatiwe, na kwa miaka sita orodha yake imeanza na mtaa wetu, mtu asije akasema anapendelea kwake. Nampenda kwa uaminifu huo, na kwa uaminifu huohuo natamani kumfinya. Nina vyerehani vinne vya umeme vimefunikwa mashuka, huku nashonea cha kukanyaga mpaka magoti yananiuma.

Siku ya kukabidhi mpango wa mtambo mpya wa kufua umeme, alisahau miwani. Nikampelekea ofisini. Ukutani palikuwa na mchoro, kila mtaa na mstari wake wa matumizi, mingi inapanda mbio. Wetu umelala chali.

"Huu ni sisi?"

"Ndiyo. Mnatumia kidogo mno. Kwa hiyo mtambo nimeupunguza, na laini mpya haitapita kwetu. Umeme mlio nao utawatosha miaka ishirini."

Miaka ishirini! Nikaviona vyerehani vyangu vikiota kutu.

"Nani kasema tunatumia kidogo?"

"Mita."

"Baba watoto, mita inasoma nini ukishatukatia?"

Akavaa miwani, akaitazama mitaa inayotufuata kwenye orodha yake ya kukata. Nayo imelala.

"Nimewazimia mwenyewe," akasema polepole, "halafu nikaandika hawahitaji."

"Basi mwambie mkurugenzi."

"Atasema nimezeeka."

"Umezeeka. Mwambie hivyohivyo."

Akapiga simu amesimama wima. Alivyofokewa, nilisikia mimi niliyekaa upande wa pili wa meza. Yeye alirudia tu, "Kosa ni langu, mkuu. Naomba wiki mbili." Sijawahi kumpenda kama dakika ile, nasema wazi.

Wiki mbili hizo alizunguka na daftari mlango kwa mlango, akiuliza watu wangewasha nini kama umeme ungekuwepo. Alitaniwa hadi basi. "Leo giza limekuja kwa miguu!" Lakini walimtajia: friji, pampu ya maji, mashine ya kuranda mbao.

Nyumba ya mwisho ilikuwa yetu. Akabisha hodi, akabaki kizingitini.

"Samahani mama, umeme ungekuwepo ungewasha nini?"

Nikafunua mashuka, moja baada ya jingine. Akaandika: vinne.

"Mtambo utachukua muda gani?"

"Miaka minne, wakiukubali."

"Na mpaka hapo?"

Akachomoa karatasi nyuma ya daftari. Orodha mpya ya kukata, mitaa inapokezana. Wiki hii alianza na mtaa wa mkurugenzi. Wetu ulikuwa wa tisa.

Nikakaa kwenye cherehani cha umeme, nikakiwasha, nikashona pindo zima bila kukanyaga. Yeye bado amesimama mlangoni anasikiliza, miwani mkononi, anapangusa macho.

"Ingia, bwana," nikamwambia. "Hapa ni kwako."