Mvuke wa Kaka Ephraimu

Kaka yangu Ephraimu alikuwa karani wa duka la vyombo vya umeme mjini Arusha. Tangu tajiri wake ampe chumba nyuma ya duka, chumba chenye taa, alitembea kana kwamba umeme wenyewe ameubeba yeye mabegani kutoka Uingereza. Basi ilipofika mashine ya kusafishia chupa za watoto kwa mvuke, tajiri akamwita.

"Wewe una mtoto, una taa. Ijaribu nyumbani, uniambie kama watu watainunua."

Kaka akaja nayo kifuani kama mchungaji aliyebeba kikombe cha ushirika.

Yenyewe ilikuwa sufuria tu, yenye kifuniko na waya. Unatia maji kidogo chini, unapanga chupa juu, mvuke unaua vidudu. Mimi ningesema hata sufuria ya ndizi yaweza kazi hiyo, lakini nani angeniuliza? Nilikuwa mdogo mtu, nimemaliza sekondari, sina kazi, nalala mkekani mlangoni kwa kaka.

Tundu la umeme hatukuwa nalo. Kaka alipanda juu ya stuli, akatoa globu, akachomeka waya pale pale penye taa. Kwa hiyo kila ustaarabu ulipokuwa ukichemka, sisi tulikaa gizani. Tena nje, maana alitufukuza wote. "Tokeni, mtaingiza vidudu!"

Mashine ikaingia, na Lydia, mtoto wa kaka, akaanza kuharisha. Alikuwa hajatimiza hata miezi minne. Macho yalizama, mikono ikawa kama vijiti vya kiberiti.

"Ni meno," kaka alisema.

"Meno gani, kaka? Ya kuazima?"

"Nyamaza, we Mika."

Shemeji Penina hakucheka. Alikuwa mwalimu wa shule ya misheni, na Jumatatu alitakiwa arudi darasani, la sivyo nafasi yake apewe mwingine. Kwa ajili hiyo tu mtoto alizoezwa chupa.

Jumamosi mama akashuka kutoka Akheri, kwetu mlimani, na mkungu wa ndizi. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia huku amekwisha mfunua mtoto. Chai hakuigusa.

"Penina, mwanangu, kesho napanda mlimani na huyu mtoto. Ukitaka kumnyonyesha, nifuate. Ukitaka kazi, baki nayo."

Shemeji alishika ukingo wa kitanda.

"Mama, ngoja kwanza!" kaka akadakia. "Hujaona mashine."

Akamkalisha mama kwenye kiti, akavaa tai. Naapa, alivaa tai. Kisha akapanda stuli, akachomeka. Sufuria ikanguruma, mvuke ukatoka, na kaka akahubiri habari za vidudu mpaka mama akapiga miayo. Chupa zilipoiva akazitoa kwa koleo, hataki hata kidole kiziguse. Hapo nilikiri moyoni kwamba mwenzangu ana uangalifu.

Kisha akachota kata ya maji mtungini, akaimimina ndani ya chupa, akaitikisa vizuri, akamwaga nje mlangoni, akampelekea mama kwa mikono miwili.

Mama akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Hapo sasa. Hujasahau malezi."

Maana kwetu humpi mtu chombo bila kukisuuza mbele ya macho yake. Hata kama kimeshuka mbinguni asubuhi ile, utakisuuza. Na maji ya mtungi ule yalitoka bomba la mtaani, ambalo tangu mvua zianze lilitoa kitu chenye rangi ya chai, na kila aliyeona kiu alichovya humo kikombe chake.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. "Kaka, ulivyoviua umeviletea vingine vya kuvizika?"

"Una wazimu?"

Shemeji alikuwa amesimama. "Baba Lydia, umekuwa ukifanya hivyo kila chupa?"

"Kila chupa! Mimi si mtu asiye na malezi. Tena ni maji baridi, isimchome mtoto."

Shemeji hakupiga kelele. Alichota maji yale kwenye glasi, akaiweka dirishani, akamwita mama. Tope likatua taratibu. Juu yake kitu chembamba kilikuwa kikijipinda na kujikunjua, kina raha zake.

Mama akainamia glasi. "Hiki ndicho anachokunywa mjukuu wangu?"

"Mama, ni wewe uliyenifundisha kusuuza," kaka alisema.

"Kusuuza nilikufundisha. Upumbavu umejitafutia mwenyewe." Akafungua kanga yake ya safari, akaikunja. "Siendi kesho. Penina, pika hizo chupa wewe, nione."

Shemeji akapika. Alipotoa chupa na kutia maziwa bila kuisuuza, mkono wa mama ulijiendea wenyewe kwenye kata. Akaurudisha, akaukalia.

Jumapili tumbo la Lydia likatulia kidogo. Jumatatu, mama akasema, "Nenda kafundishe. Mimi nitakaa naye, na huyu karani asisogee karibu na chupa."

Mchana nikamsikia kaka dukani akimweleza tajiri, amesimama wima kama mkaguzi wa shule.

"Mashine ni nzuri sana, bwana. Ila kabla ya kuwauzia watu wetu, lazima kwanza waelimishwe. Bado wana ujinga mwingi."

Mama alikuwa akipita na Lydia mgongoni. Hakusimama, wala hakusema Kimeru, lugha yetu ya nyumbani. Alisema Kiswahili, tena kwa sauti, ili tajiri naye apate:

"Mtajie na jina la mmoja wao."